Daftari la Mama Mwenyekiti

Baba mdogo alifariki Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi nikatumwa kuchukua barua.

Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyefika chuo kikuu, kwa hiyo mambo yote ya karatasi huishia kwangu: hati za kiwanja, fomu za bima, maombi ya mikopo ya wadogo zangu. Safari hii ilikuwa barua ya jumuiya. Mwili ulitakiwa kuondoka Dar es Salaam jioni ileile kwenda Mbinga, karibu kilomita 1,000. Paroko wa nyumbani alikuwa amesema kwa simu, tena kwa upole, kwamba ili kuwe na Misa ya mazishi anahitaji barua kutoka parokia alikokuwa akiishi marehemu. Parokia ya Dar ikasema haiandiki kitu mpaka ione barua ya jumuiya. Na jumuiya, ukishafika kwenye suala la barua, ni mtu mmoja: Mama Mwenyekiti.

Nikapanda bodaboda mpaka Mbagala. Nilimkuta anafua uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, akajifuta mikono kwenye kanga na kuingia ndani. Akatoka na daftari, ile kaunta buku nene yenye jalada gumu. Alipitisha kidole kwenye majina mpaka akalipata la baba mdogo. Mbele ya jina kulikuwa na visanduku vya mahudhurio. Vitatu vya mwanzo vilikuwa na vema. Vilivyofuata vyote, ukurasa hadi ukurasa, miaka mitano, vilikuwa vitupu.

"Jina ninalo," akasema. "Mtu simjui."

Nilimweleza. Alikuwa dereva wa lori, anapeleka mizigo Lubumbashi kupitia Tunduma. Mpakani foleni ikikamata anaweza kulala siku nyingi ndani ya gari. Jumuiya inasali Jumamosi saa 12 asubuhi, na Jumamosi nyingi saa 12 asubuhi yeye alikuwa Iringa, au Makambako, au ng'ambo ya mpaka kabisa.

Hakunifokea. Ningefurahi kama angenifokea, maana ningekuwa na mtu wa kumchukia. Alifunga daftari akasema, "Binti yangu, nikiandika kwamba namfahamu nitakuwa nimemdanganya padre. Unataka nimdanganye padre?"

Niliondoka bila barua.

*

Tulisafiri usiku kucha, tukazika Jumamosi mchana. Katekista alisoma somo, akaongoza sala, akanyunyiza maji ya baraka. Hakuna aliyesema neno baya. Wanawake wa jumuiya ya bibi walikuja wote na vitenge vyao vya sare, wakaimba mpaka kaburi likajaa. Lakini padre hakuja, na katika kijiji ambacho watu wamezoea kuzikwa na padre, kutokuja kwake kulisikika kuliko nyimbo.

Bibi hakulia makaburini. Jioni tulikaa naye jikoni, moto umeshafifia, ndipo akaniuliza mimi, mjukuu wake msomi:

"Mwanangu alikosa nini?"

Nikamjibu kwamba hakuwa anahudhuria jumuiya.

"Alikuwa barabarani."

"Ndiyo, bibi."

"Sasa hili jiko unalokalia, bati lake lilitoka wapi? Si huko huko barabarani?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sijui kama ninalo. Ninachoandika hapa ni jaribio la kumjibu bibi kwa heshima, bila kumpunja yeye wala kumpunja Mama Mwenyekiti.

*

Niliporudi Dar nilifanya kile ambacho watu wa aina yangu hufanya wakiumia: nikaenda kusoma.

Nilianza na Sheria ya Kanisa, ile ya mwaka 1983. Kanuni ya 1184 inataja watu wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa iwapo hawakuonyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Ni wachache: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua mwili wao uchomwe kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kikanisa kungewakwaza waamini. Kukiwa na wasiwasi, aulizwe askofu. Niliisoma mara mbili nikitafuta dereva wa lori asiyefika Jumamosi asubuhi. Hayumo.

Basi daftari lilitoka wapi? Hapo nilipata mshangao wa pili. Mimi nimekua nikidhani jumuiya ndogondogo ni za tangu enzi, kama rozari. Kumbe ni changa. Maaskofu wa ukanda wetu, kupitia umoja wao wa AMECEA, ndio waliozifanya kuwa njia kuu ya uchungaji katika mikutano yao ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976. Kwa Tanzania, hiyo ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa bado linanukia wino, mabalozi wa nyumba kumi kumi walikuwa wanajua nani ana mgeni na nani hana chumvi. Kanisa lilitazama jinsi watu walivyokuwa wakipangwa, nalo likajipanga: nyumba chache, majirani, somo la Injili, mchango, kiongozi kutoka miongoni mwao. Lilikuwa wazo zuri. Parokia zilikuwa kubwa, mapadre wachache, na jirani ndiye aliyeweza kujua kuwa mzee wa nyumba ya tatu hajala.

Bibi aliolewa mwaka 1962. Nilipompigia kumuuliza, alicheka. "Sisi wakati tunaolewa hakukuwa na jumuiya. Tulikuwa na ukoo na majirani wa shambani. Jumuiya ililetwa baadaye, na wazee walinung'unika kwamba ni siasa imeingia kanisani."

Kwa hiyo kile tunachokilinda leo dhidi ya mambo ya kisasa kilikuwa nacho jambo la kisasa, na kilinung'unikiwa. Ninalitaja hili kwa sababu mjadala wa dini na mabadiliko, kwetu, huwa unaenda kwa mstari mmoja: zamani watu walikuwa na imani, halafu zikaja simu. Ukweli ni kwamba kila kizazi kanisa hukopa umbo kutoka kwenye zama zake. Lilikopa kutoka kwenye kijiji cha ujamaa, sasa linakopa kutoka kwenye simu. Umri wa umbo hauniambii kama ni jema.

*

Na simu naijua, maana niliwahi kuhamia humo.

Machi 2020 vyuo vilifungwa, nikarudi nyumbani na begi moja. Tarehe 27 mwezi ule nilimtazama Papa Fransisko kwenye simu akisali peke yake katika uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua inanyesha, viti hakuna, watu hakuna. Nililia. Nilihisi niko pale kuliko nilivyowahi kuhisi niko popote. Juni vyuo vikafunguliwa, nikarudi Dar, lakini sikurudi kanisani. Makanisa mengi ya kwetu hayakuwa yamefungwa. Niliyejifungia ni mimi.

Nisiseme uongo: ilikuwa raha. Nilichagua padre anayehubiri vizuri. Mahubiri yakichosha, nilipeleka mbele. Hakuna aliyeniuliza naolewa lini. Kwa miaka mitano nilihama vyumba vinne, kila mara kodi ikipanda, na sikuwa na haja ya kujitambulisha kwa jumuiya nne. Jiji lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022 haliishi kama kijiji cha 1973. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, unalipa, ukimaliza unahama. Jumuiya ilijengwa juu ya dhana kwamba jirani yako wa leo atakuwa jirani yako mwakani. Wenzangu wengi hawajui hata jina la mtu wa chumba cha pili.

Tena simu si raha tu. Rafiki yangu mmoja alipata mimba kabla ya ndoa. Kwaya ikamwondoa, na jumuiya yake ikamwita kikao ambako watu wazima kumi na wawili walimuuliza maswali ambayo mama yake mzazi hakumuuliza. Miaka yote hii anasali kwa YouTube. "Ndiyo kanisa pekee," aliniambia, "ambalo halikuniangalia tumbo." Yeyote anayetaka kuusifia ujirani wa zamani aanze kwa kumjibu huyu dada. Tunaposema mtu ni watu, tuseme pia kwamba watu hao wanaweza kumla mtu.

*

Wiki mbili baada ya mazishi, shangazi alinipa simu ya baba mdogo nitoe picha na namba muhimu. Nikaingia kwenye ujumbe wa miamala.

Kila mwezi, tarehe mbili au tatu, shilingi 10,000. Aliyepokea ni parokia yake, kwa lipa namba. Nilirudi nyuma mpaka ujumbe ukaisha. Miezi mingine alituma siku ambazo najua alikuwa Tunduma, kwa sababu siku hizohizo alinunua bando akampigia bibi. Muamala wa mwisho ulikuwa siku tisa kabla ya kifo. Kwenye YouTube yake, orodha ya alivyotazama ilikuwa na mechi za Simba, mafundi wa injini za Scania, kwaya, na Misa za Jumapili, nyingi.

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Parokia iliyosema haimfahamu ilikuwa inapokea pesa yake kila mwezi. Ofisi iliona kiasi na namba, jumuiya iliona visanduku vitupu, na hapakuwa na mahali ambapo hivi viwili vilikutana. Mfumo mpya ulimjua kwa fedha, mfumo wa zamani ulimjua kwa kutokuwepo, na kati ya hiyo miwili mtu mwenyewe alipita kama gari la usiku.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa rahisi: wamekula pesa yake wakamnyima Misa. Lakini hasira hiyo, nikiitazama vizuri, inasema kwamba Misa inanunuliwa kwa shilingi 10,000 kwa mwezi na kwamba risiti zilipaswa kutosha. Siamini hivyo. Kama baba mdogo asingetuma hata senti, swali la bibi lingebaki palepale.

*

Kuna mfano katika Injili ambao kila mtoto wa mafundisho anaujua: mchungaji mwenye kondoo mia aliyepotelewa na mmoja. Nimeusikia maisha yangu yote kama hadithi ya upendo. Sikuwahi kuona kwamba ni hadithi ya hesabu pia. Ili ajue kwamba mmoja hayupo, lazima alikuwa anahesabu. Mchungaji naye alikuwa na daftari, hata kama lilikuwa kichwani.

Hapo ndipo nilipoacha kulichukia daftari la Mama Mwenyekiti. Kuhesabiwa si kosa. Rafiki yangu wa kwaya ana kila sababu ya kuogopa kuhesabiwa, lakini mtu asiyehesabiwa popote ana balaa lake: akianguka, hakuna idadi inayopungua. Matangazo ya mubashara yanajua watazamaji ni elfu tatu. Wakiwa elfu mbili mia tisa tisini na tisa, hakuna atakayefunga kamera kwenda kumtafuta aliyetoka. Hawezi, hata akitaka.

Tofauti kati ya mchungaji na karani inaanzia pale hesabu inapokuwa pungufu. Karani anaandika alama. Mchungaji anatoka. Kwa miaka mitano daftari la Mbagala lilisema kila Jumamosi, kwa usahihi kabisa, kwamba mtu huyu hayupo. Taarifa ilikuwepo. Ilitunzwa mpaka siku ya kifo, kisha ikatumika kama hukumu. Nadhani hilo ndilo kosa, na kwa hiyo jibu la kwanza kwa bibi ni hili: mwanao alikosa kuhudhuria, na sisi tulikosa kumtafuta, na kosa letu ni kubwa kuliko lake kwa sababu sisi tulikuwa wengi.

Nasema sisi. Nilikuwa sijampigia simu baba mdogo kwa miezi minne.

Aliyemtafuta alikuwa mwingine. Kona ya mtaa wake kuna mama anayekaanga mihogo. Baba mdogo akiwa Dar alikula pale kila asubuhi, mihogo na kachumbari, akimtania kwamba pilipili yake haina adabu. Wiki ile mama huyu alijua lori limerudi. Siku ya kwanza hakumwona, akadhani amechoka. Siku ya pili aliona viatu vyake mlangoni, naye hajatoka. Akaacha karai motoni akaenda kugonga. Alimkuta hajiwezi. Aliita bajaji, akalipa yeye, akamfikisha hospitali, akapiga namba ya kwanza aliyoiona kwenye simu. Tulimkuta pale wodini amekaa kwenye benchi, nguo zinanuka mafuta ya kukaangia. Baba mdogo aliishi siku mbili zaidi. Kwa hiyo tuliagana naye.

Mama huyu ni Mwislamu. Hakuwa na daftari la mahudhurio. Alikuwa na hesabu ya wateja wake wa asubuhi, na mmoja alipopungua, alitoka.

*

Nilirudi kwa Mama Mwenyekiti baada ya miezi mitatu. Sikwenda kugombana. Nilimwonyesha ile miamala kwenye simu. Alivaa miwani, akaisoma mmoja mmoja kwa muda.

"Hizi zilikwenda ofisini," akasema. "Mimi hakuna aliyeniambia."

Kisha akanieleza upande wake, na ni haki niuandike. Katika miaka yake ya uongozi ameshughulikia misiba asiyoweza kuihesabu. Wanaobeba maji, wanaokopa sufuria, wanaokesha na wafiwa, ni walewale kumi na tano wa kila Jumamosi, wengi wao wanawake, wengi wao na magoti mabovu. Halafu anakuja mtu aliyepita mtaani miaka kumi bila salamu, anataka turubai, kwaya na padre kesho saa nane. "Tukikubali kila mtu, wale kumi na tano nao wataacha. Watasema, kumbe ukikaa nyumbani unazikwa vilevile. Nani atabaki kubeba maji?"

Ni hoja nzito. Sisi tunaopenda kanisa lisilotusumbua tunategemea kwamba mahali fulani wapo watu wanaokubali kusumbuliwa. Hata ile Misa ninayoitazama kitandani, kuna aliyeamka saa 10 alfajiri kufungua mlango na kupanga viti. Mtu hawezi kudai kuwa wa watu ambao hataki wamdai chochote.

Lakini sheria inayolinda wabeba maji kwa kumwadhibu maiti inampiga asiyehusika. Baba mdogo hakujua kama kulikuwa na Misa au katekista. Aliyejua ni bibi, ambaye amebeba maji ya misiba ya watu kwa zaidi ya miaka arobaini. Adhabu ilimpata mmoja wa wale kumi na tano, ila wa kijiji kingine.

Nilimwambia hivyo. Alinyamaza. Watoto walikuwa wanacheza rede uani, mpira ukagonga ndoo. Mwishoni alivua miwani.

"Chumba chake ni nyumba ya nne kutoka hapa," akasema. "Ningeweza kwenda. Jina nilikuwa naliona kila Jumamosi."

"Usingemkuta, mama. Alikuwa safarini."

"Basi ningeulizia kwa muuza mihogo."

Hakuniomba msamaha, nami sikuutaka. Alinipa kikombe cha chai.

*

Nimejiandikisha kwenye jumuiya ya huku ninakopanga. Sikuongoka ghafla. Bado natazama mahubiri kwenye simu, na bado rafiki yangu wa kwaya hajarudi, wala simshawishi mpaka nijue nitakaa upande gani wakimwita kikao tena. Mkutano wa kwanza niliuliza swali moja: mtu akikosekana Jumamosi tatu, nani anakwenda kwake? Walitazamana. Mzee mmoja akasema kazi hiyo ilikuwepo zamani, ikafa. Tumeifufua, watu wawili kwa mwezi, kwa zamu. Wanaolala safarini au wanaoingia kazini usiku wanapigiwa simu. Michango inakuja kwa simu vilevile, ila mweka hazina anapopokea muamala anatuma ujumbe wa kumuuliza mtu hali yake. Ni jambo dogo. Wengine hawajibu.

Jumamosi iliyopita mimi mwenyewe sikwenda. Nilikuwa nimekesha na tasnifu. Saa mbili na nusu asubuhi simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Hatujakuona leo," sauti ya mama mmoja ikasema. "Uko mzima?"

Nilikereka kwanza, niseme ukweli. Nilitaka kulala. Kisha nikakaa kitandani nikamwambia niko mzima, mama, shikamoo.